Uongo wa Prosesa Mpya

Tangu Jumatatu Lorelle Haddow, mwandishi wa programu, alikuwa hajatoka kwenye chumba cha seva cha kituo cha simu za dharura ila kwenda msalani. Leo Jumatano. Chumba hakina dirisha. Nje, mji wa Ballarat, Australia, ulikuwa na joto la digrii arobaini na moja na upepo wa kaskazini, na nyuma ya mlango wake wanawake wawili walipokea simu za watu walioona moto.

Kompyuta iliyopanga simu hizo ndiyo iliyomfunga. Prosesa zake, vipande vinavyoifanyia hesabu, zilikuwa mpya, na kila baada ya saa chache mojawapo iliripoti kwamba imeharibika. Haikuwa imeharibika. Watengenezaji wenyewe walikuwa wamekiri kwa maandishi kwamba toleo hilo huripoti kosa lisilokuwepo. Lakini kiini cha mfumo endeshi, programu kuu inayoongoza kompyuta nzima, kikiambiwa prosesa ni mbovu, huzima kila kitu, kisije kikatoa anwani isiyo sahihi. Hapo Lorelle huiwasha upya kwa mkono. Dakika nne, simu zikiita bure.

Noelene, mkubwa wa wapokea simu, alimletea sandwichi ya jibini na chupa ya maji yaliyoganda, ameizungushia taulo isilowanishe karatasi. Hakuuliza kazi itaisha lini. Alisema tu moto umeshavuka barabara kuu.

Saa saba mchana Lorelle alimaliza mistari sita ya programu ya kuinyamazisha ripoti ile, akaituma kwa Desmond Pruitt, mkaguzi wa kazi yake. Hakuna mstari unaoingia kwenye kiini bila jina la aliyeuandika, na jina hilo halifutwi. Des akapiga simu.

"We Lorelle, umelala lini?"

"Sema kosa, Des."

"Umeziba sikio zima, dada. Sehemu hiyo ya prosesa inaripoti mambo kumi na kitu. La uongo ni moja tu."

Alitazama. Kweli, alikuwa ametaja sehemu, akasahau namba ya kosa. Ubovu wa kweli ungepita kimya, na gari la zimamoto lingetumwa kwenye nyumba isiyoungua. Lorelle akasema angeua watu.

"Hujaua mtu," Des alimjibu taratibu. "Weka namba, weka na toleo la prosesa. Mengine yote yaache yapige kelele."

Akaandika upya, akasaini. Iliporudi, chini ya jina lake palikuwa na jina la Des, kwamba amekagua. Lorelle akaiingiza kwenye kiini.

Saa tisa na dakika kumi ripoti ya uongo ikaja. Kompyuta ikaiweka kwenye kumbukumbu, ikaendelea na kazi. Lorelle hakuinuka. Je, ikija nyingine asiyoijua? Saa mbili nzima alikaa akikodolea skrini, mguu umekufa ganzi, hathubutu hata kwenda kunawa uso.

Mlango ukafunguliwa. Des alikuwa ameendesha gari kutoka mji wa Geelong, kakumbatia kiti cha kukunja.

"Toka," akasema.

"Ikizima je?"

"Jina langu si limo humo? Ikizima, imenizimikia mimi. Nenda, unanuka kama soksi."

Lorelle akacheka, na machozi yakamtoka kidogo. Alipopita kwa Noelene, mama huyo alikuwa akimwelekeza mtu kwa simu, kipaza sauti kikiwa wazi, njia ya kutoka bondeni, anataja kila kona mara mbili. Lorelle alisimama ukutani akasikiliza mpaka mtu yule akasema ameliona gari la zimamoto. Ndipo akatafuta mlango wa nje.