Taa ya Buluu kwenye Hedifoni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ile taa ndogo ya buluu kwenye hedifoni za kaka. Ilikuwa imezimika. Alikuwa amezivaa tangu asubuhi, ameinamia laptopu kwenye meza ya kulia chakula, na mimi na mama tulikuwa tukipita kwa kunyata tukidhani anasikiliza podikasti zake. Kumbe hasikilizi kitu. Amejiziba masikio tu ili asisemeshwe.

Zamani vipindi hivyo alikuwa akivifungulia kwa sauti, nami nikipiga pasi nasikia. Ni watengeneza programu wawili, wanabishana na kutaniana, mmoja wao anacheka kama anayekohoa. Kaka na mwenzake wa kazi, tunayemwita Ndevu, hawakupitwa na kipindi hata kimoja. Ndevu akipiga simu, salamu yake ilikuwa, "Umemsikia Kikohozi leo?" Kaka alikuwa akicheka mpaka anaegemea ukuta. Mengi sikuyaelewa, maana niliishia darasa la tano mama alipoanza kuugua miguu, lakini nilipenda kusikia watu wakiisema kazi yao kwa raha namna ile.

Wiki hiyo hapakuwa na kicheko. Kaka na Ndevu walikuwa wametengeneza tovuti ya kliniki, ili mgonjwa aweke miadi kwa simu badala ya kwenda kupanga foleni. Kaka alitengeneza kurasa ambazo mtu anaziona, Ndevu akatengeneza sehemu ya nyuma inayohifadhi majina. Jumanne muuguzi mkuu akapiga simu, na sauti yake ikajaa sebule nzima.

"Kijana, tovuti yenu ina mizimu! Nusu ya wagonjwa wametokea mara mbili. Hata mama yako mzazi ana miadi miwili, saa nne ileile. Nimgawe katikati?"

"Hapana, dada. Naangalia sasa hivi."

"Angalia kweli. Ijumaa adhuhuri ikiwa bado hivi, mimi narudi kwenye daftari langu la karatasi, na nyinyi mtafute kliniki nyingine."

Kaka hakuuliza ni nani aliyemwandikisha mama. Alijaza fomu mwenyewe, akabonyeza kitufe cha "Thibitisha", jina likaingia moja. Akarudia. Moja. Akarudia mpaka nikachoka mimi niliyekuwa namtazama. Jumatano akampigia Ndevu.

"Kwangu pako safi. Tatizo liko kwako."

"Nimepitia mstari kwa mstari, ndugu yangu," Ndevu akasema. "Mimi nahifadhi kile unachoniletea."

"Basi ulipitia huku unasinzia."



"Sawa, bwana mkubwa. Tafuta aliye macho." Ndevu akakata simu.

Hapo ndipo ile taa ilipozimika.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea chai. Kikombe cha jana kilikuwa bado pale, chai imeshika utando. Nilisimama nyuma ya kiti chake.

"Kaka."

Nikamgusa bega. Akavuta hedifoni upande mmoja.

"Mdogo wangu, leo niache. Kichwa hiki hakina nafasi hata ya sindano."

"Naomba uniangalie nikiweka miadi. Kwa simu yangu."

"Hiyo? Hiyo si simu, ni tofali."

"Hiyohiyo."

Akashusha pumzi, akageuza kiti. Nilijaza fomu, herufi mojamoja. Nikabonyeza "Thibitisha". Kioo kikaganda, hapakutikisika kitu. Nikangoja, kisha nikabonyeza tena, kama mtu anavyobisha hodi mara ya pili. Kwenye laptopu jina langu likaingia, na chini yake likaingia tena.

Kaka alivua hedifoni, akaziweka mezani.

"Umebonyeza mara mbili."

"Si haikuitika?"

"Kwangu inaitika papo hapo." Akajisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Siku tatu najaribu kwa laptopu, na intaneti ya waya. Mgonjwa gani anajiandikisha hivyo?"

Alibadilisha kitufe. Sasa ukikibonyeza mara moja kinafifia, hakibonyezeki tena, na maneno "Subiri kidogo" yanatokea. Ndevu naye hakukosea, alihifadhi alicholetewa. Kabla ya adhuhuri muuguzi alipiga simu. "Mizimu imehama," akasema. Kaka akashukuru, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, akalala. Nilimvua viatu.

Wiki mbili zimepita. Kazi ya kliniki bado ni yao, lakini Ndevu hapigi simu, anatuma ujumbe wa kazi tu, mfupi, bila salamu. Kaka anaandika "samahani," anaifuta. Vipindi vinne vya Kikohozi vimelala kwenye simu yake havijafunguliwa. Anasema hana hamu ya kucheka peke yake. Kila anaponipita ananipigapiga begani na kuniita mhandisi, nami natazama chini.

Kuna jambo sijawahi kulitamka. Kaka, Jumanne ile muuguzi alipomtaja mama, nilikuwa nyuma yako na pasi mkononi. Mimi ndiye niliyemwandikisha mama, na nilikumbuka kidole changu kilivyorudi kwenye kitufe. Niliogopa ungesema mtu wa darasa la tano asiguse kazi za watu. Kwa hiyo Jumatano nilikuacha umtukane Ndevu. Nilijua tangu Jumanne.