Aliyeomba Kiti cha Nyuma

Orrin Halvorsen hakuwa na mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Hakuwa na mwenzake wa kula naye, wala meza katika chumba cha marubani ambayo wengine hawakuihama mara tu alipoketi. Hakuwa na mke tena, na simu yake ya nyumbani haikuwa na sababu ya kulia. Ukapteni alikuwa nao, lakini aliupata kwa njia ambayo wenzake wa kituo cha Duluth hawakumsamehe. Wakati wa mgomo mkubwa wa shirika la ndege la Tamarack, yeye alipita katikati ya wagomaji, akaingia kazini na kukalia kiti cha rafiki yake, Wendell Aukland.

Wendell alishikilia mgomo mpaka mwisho. Aliporudishwa kazini alipangwa chini ya vijana katika orodha ya vyeo, na kabla hajapanda cheo tena akafa. Mjane wake, Marit, sasa anafagia shule.

Tangu mgomo, rubani yeyote aliyeruka na Orrin alimwambia maneno ya kazi tu. Hiyo ndiyo adhabu yao kwa wasaliti.

Majira haya ya baridi chama cha marubani kilikuwa kinapiga kura kwa barua: miaka ya mgomo ihesabiwe kuwa miaka ya kazi, au isihesabiwe? Ikihesabiwa, wagomaji wangepanda na wajane wangepata pensheni kamili, nao vijana wangeshuka. Pande mbili zililingana. Zilizobaki ni kura za watu kama Orrin.

"Mzee Orrin," alisema Bryce Lindahl, rubani msaidizi, walipokuwa wakiandaa ndege ya kwenda Fargo.

Orrin alishtuka. "Kumbe una ulimi!"

"Ulimi ninao, ruhusa ndiyo sikuwa nayo. Vijana wamenituma. Piga kura ya hapana, na kuanzia kesho unakunywa kahawa mezani kwetu. Hata vichekesho vyako vibovu tutavicheka."

"Sina vichekesho."

"Tutakufundisha."

Bryce akashuka kuikagua ndege kwa nje. Orrin aliipapasa bahasha ya kura mfukoni. Kahawa mezani, pamoja na watu!

Ndipo mtu akasimama mlangoni nyuma yake, akaomba kama desturi inavyomtaka rubani anayesafiri bure kwenye kiti cha ziada nyuma ya kapteni. "Habari za asubuhi, kapteni. Nina ruhusa ya kukaa nyuma yako?"

Salamu ile ilimpasha moto Orrin mpaka vidoleni. Hata hakugeuka. "Karibu ndugu yangu! Kaa, kaa."

Wakaruka. Shingo ya Orrin ilikuwa ya baridi, akadhani ni theluji iliyoingia na mgeni. Walipoanza kushuka Fargo, Bryce alisoma maswali ya kutua.

"Magurudumu?"

"Yako chini, yamekaa kitako."

Orrin hakuwa amefungua mdomo.

Bryce alimtazama. "Mbona sauti yako imebadilika?"

"Ni mgeni wetu wa nyuma."

"Mgeni gani? Mlango niliufunga mimi, Mzee. Hakuna aliyepanda."

Orrin aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini mikanda yake ilikuwa imefungwa, imetuna kana kwamba imezunguka kifua cha mtu. Ilipanda polepole, ikashuka, ikapanda. Na ni mtu mmoja tu katika Tamarack yote aliyezoea kusema magurudumu yamekaa kitako: Wendell.

Walitua. Bryce alijaribu kuifungua ile mikanda, ikakataa. Akarudisha mkono haraka. "Inapumua," alinong'ona.

Orrin alitoa bahasha, akafungua karatasi juu ya goti na kuweka alama kwenye ndiyo.

"Usifanye wazimu!" alisema Bryce. "Wazee wa mgomo hawatakusamehe kwa kura hiyo, na sisi hatutakutazama tena. Utakufa hujasalimiwa na mtu!"

"Nimeshasalimiwa," alisema Orrin.

Akaikunja karatasi, akaiingiza, akainua bahasha ailambe. Gundi ilikuwa tayari imelowa, baridi kama theluji. Akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nyuma yake mikanda ikafunguka yenyewe.

Hakutazama nyuma. Alishuka ngazi, akavuka theluji mpaka kwenye sanduku la buluu la posta mbele ya jengo, akaidumbukiza barua.