Barua Iliyorudi Kabla ya Kufika

...na hii nayo ikirudi basi, potelea mbali, fundi cherehani anajiapiza moyoni, wa tatu kwenye foleni ya posta, bahasha kaikumbatia kifuani, hataandika tena, mtu hajipendekezi kwa mdogo wake wa tumbo moja mpaka mara tatu, mbili zatosha... ingawa Kitinda, kitindamimba wa nyumba yao, kamlea yeye mgongoni, kamfundisha yeye kutunga uzi kwenye sindano, na leo yuko ng'ambo na mume na baridi yake, namba ya simu kabadilisha, miaka minne hawasemezani, na kisa nini, gauni la harusi alilomshonea! Mbele ya wakwe Kitinda akasema, "Dada, linanibana," naye badala ya kufunga mdomo akajibu, "Gauni halijapungua, wewe ndiye umeongezeka," ukumbi mzima ukaangua kicheko, bibi harusi akaangua kilio, ee mdomo huu jamani, ungekuwa na mnunuzi angeuuza zamani... lakini si aliomba radhi? Kurasa tatu, mwezi wa tatu, na kipande cha kitambaa cha gauni lile ndani, anwani kaitoa kwa shangazi, namba ya nyumba, mtaa, mji, jina la nchi chini kabisa, stempu nne kazilamba mwenyewe mpaka ulimi ukakauka, na siku ya sita barua hiyo kwenye sanduku lake la posta, haijafunguliwa! Siku ya sita! Yaani Kitinda kauona mwandiko, kairudisha papo hapo, hata chai hakuimaliza... "Kwa ndege au kwa meli?" karani anamuuliza mzee mwenye kifurushi pale dirishani, "kwa meli ni miezi mitatu, mzee," naye mzee, "Meli, mwanangu, soksi haziozi," watu wanacheka, hata fundi anacheka, kisha karani anakigeuza kifurushi, "Sasa mjukuu wako yuko wapi hapa?" "Si huyo pembeni." "Pembeni juu ni pa mtumaji, mzee. Anayepelekewa anakaa katikati. Ukijiweka wewe katikati, wapanga barua wetu wanasoma hapo tu, mzigo unakurudia mwenyewe..." Wazee bwana, fundi anatikisa kichwa, kitu cha darasa la nne hiki, anaishusha bahasha yake aitazame kwa raha zake, na pale katikati, kwa wino wa zambarau, umekaa muhuri wa mpira wa duka lake, jina la duka, sanduku la posta, mji, na kule pembeni juu, kwa kalamu, herufi ndogo nadhifu, Kitinda na nchi yake yote... maana hivyo ndivyo anavyofunga nguo za wateja, mwaka wa kumi na nane huu, muhuri wa fundi katikati ya karatasi, kila atakayepishana na mzigo njiani ajue nani kashona, jina la mteja pembeni asije akachanganya... na ile ya kwanza je? Ile ya kwanza vilevile. Mungu wangu. Siku sita... haikupanda ndege, haikuiona hata bahari, ilitoka posta hii ikalala posta hii ikarudi kwa mwenyewe, na yeye miezi mitano kanuna, picha ya Kitinda kaitoa ukutani kaitia chini ya vitambaa, kamwambia mama yao, "Usinitajie huyo," na humu ndani, ole wake, mstari wa kwanza kabisa, *Wewe uliyenirudishia barua yangu...* Kicheko kinamtoka hana breki nacho, foleni inageuka, "Mama, kuna nini?" anauliza dada aliye nyuma yake, "Hakuna kitu, mwenzangu, nimejiandikia barua mwenyewe," na kucha zake zinaichana bahasha, kwaa, mbele ya watu, furaha inampanda kooni kama kwikwi, dirishani mzee bado anabishana na karani, kifurushi bado kiko kwenye mizani, na Kitinda hakumkataa, maskini, hata nafasi ya kumkataa hakuipata, miaka minne yuko huko anangoja neno la dada yake, na dada yake yuko hapa, bado wa tatu kwenye foleni, anafuta machozi kwa kiganja na kumwambia aliye nyuma, "Wewe pita, mwenzangu, ila niazime kalamu."