Ukurasa Mtupu wa Laoban Huang

Swalha alikataa kutia saini. Chai ilishamiminwa mara tatu, Laoban Huang, bosi wa kiwanda cha jinzi pale Xintang, China, alishashika muhuri mkononi, na Gharib, kaka yake Swalha, alishafungua kalamu. Swalha akaufunua mkataba hadi ukurasa wa sita, mweupe pe, akauwekea kidole.

"Hapa paandikwe kwamba hapana kitu."

Laoban akacheka. "Dada, ukiandika, hapo patakuwa na kitu!"

"Na pawe nacho. Kitu tulichokiona sote."

Gharib akamkanyaga mguu chini ya meza. "Swalha, laoban katunywesha chai yake, wewe unamwita mwizi? Saini, tuwahi kontena."

Huo ndio ugonjwa wa Gharib, Mungu amsamehe: haya. Mwaka jana, kwa bosi mwingine, haya hiyohiyo ilimfanya asaini bila kufunua. Muhuri ukagongwa ubavuni mwa karatasi zilizopangwa, ukagusa kurasa zote, na ule mtupu ukiwemo. Baadaye mtupu ukaota maneno: mnunuzi atapokea rangi yoyote. Wakapokea suruali za rangi ya chungwa, kontena zima. Bado zimejaa stoo Kariakoo, na mzigo huu nao ukiharibika, duka aliloliacha baba yao linafungwa.

"Laoban," Swalha akasema kwa Kichina chake cha sokoni, "nionyeshe mkataba wako na muuza vitambaa wa soko la Zhongda."

Mke wa Laoban, mtunza mafaili, ndiye aliyecheka kwanza. Akatoa faili kabatini, akalifunua mbele ya wageni. Kwenye ukurasa usio na kitu paliandikwa kwa mkono wa Laoban mwenyewe: ukurasa huu hauna maandishi. Juu yake, muhuri mwekundu.

"Mei wenti," Laoban akasema, hakuna tabu, masikio yamemwiva. Akaandika kwa Kichina. Chini yake Swalha akaandika kwa Kiswahili: Umeachwa wazi kwa makusudi. Muhuri ukagongwa juu ya yote mawili.

Swalha akachukua kalamu asaini, roho imemtulia.

"Ngoja," akasema Gharib.

Tangu suruali zile alikuwa hamtazami dada yake machoni. Sasa ameushika mkataba kwa mikono miwili, anapekua karatasi mojamoja, mbele na nyuma, mpaka nyuma ya jedwali la saizi. Ukurasa mweupe. Swalha mwenyewe alikuwa ameuruka.

"Na huu, Laoban," Gharib akasema, akauwekea kidole.