Skrubu za Mdomoni

Fundi redio aliinua rundo la nyaya kwenye meza wanayotumia yeye na kaka yake. Mende wakatimka. Alikuwa akiipanga upya meza nzima, koleo huku, bisibisi kule, akitafuta skrubu moja ndogo ya kifaa cha kusikia cha mama yao. Mama alikaa mlangoni akingoja, haambulii neno.

Akafungua kopo la skrubu. Zilikuwa zimegandana kwa kutu na mate, maana kaka mtu hubana skrubu mdomoni akiwa kazini, kisha huzitemea humo.

“Kaka, huoni kinyaa?” akamuuliza kaka yake aliyekaa ng'ambo ya meza.

“Kinyaa cha nini, mdogo wangu? Mdomo huu haupotezi kitu.” Akatoa ulimi. Skrubu ya mama ilikuwa juu yake, inang'aa.

“Iteme!”

Kaka akacheka, kicheko kikamkwama, akameza.

Wakatazamana.

“Usijali,” kaka akasema, akijipapasa tumbo. “Ikitoka nakuletea. Nitaiosha.”

“Uniletee? Thubutu!”

Fundi akakifunga kifaa kwa utepe, akamvalisha mama.

“Anaiosha nini?” mama akauliza.

Fundi akalisukuma lile kopo hadi kwenye pipa la taka kwa ncha ya bisibisi, asiliguse.