Kidonge cha Kimya

Mama alikuwa anakoroga sufuria aliposikia Kimya akimnung'unikia pacha wake, "Mbona mimi sikuionja ile tamu?"

Mwiko ukamtoka mkononi. Asubuhi alikuwa amewapa binti zake dawa ya minyoo, kila mmoja kidonge chake cha kutafuna, akiwatambua kwa magauni kama siku zote: jekundu la Chereko, la kijani la Kimya.

"Wewe Chereko, asubuhi ulivaa gauni la nani?"

Chereko akaanza kucheka, akauona uso wa mama yake, akakatisha kicheko. "Langu. Halafu na la Kimya. Tamu kama pipi, mama!"

Mama hakukumbuka hata kufunga mlango. Alimbeba Chereko mgongoni, akamburura Kimya kwa mkono, huku akiuliza njia nzima, "Tumbo linauma? Unaona kizunguzungu?"

"Naona shingo yako, mama."

Kwenye zahanati muuguzi alimpapasa Chereko tumbo, akamtazama macho. "Tulia, dada. Huyu labda tumbo litamsokota kidogo tu. Akitapika sana, mrudishe. Mwenye minyoo yake bado ni huyu mwingine."

Akampa Kimya kidonge. Mama, ambaye kiti alikikataa tangu alipoingia, akamshika kidevu.

"Tafuna. Meza. Fungua mdomo nione. Inua ulimi."

Hapo ndipo alipopumua. Akageuka kumchukua Chereko, akamkuta keshafungua vifungo vyote, macho yake kwenye gauni la Kimya.

"Na hilo gauni unalivulia nini?"