Futi Kumi na Nane

Orrin alipima mlango wa boti kubwa mara ya tatu. "Kiti kinapita," akasema. "Na nafasi inabaki."

"Hata mara ya kwanza kilipita," akajibu mkewe, Ardis, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Au boti imenenepa tangu hapo?"

Bev, mwenye duka la boti, akacheka. Alimjua Orrin kama alivyojulikana na kila mtu wa ziwa lile. Kwa miaka thelathini na mmoja, barafu ilipoyeyuka, aliingia majini na suruali ya mpira iliyomfika kifuani, akawaungia wenye nyumba za kiangazi vipande vya magati yao. Majani yalipogeuka mekundu, akayafungua tena na kuyatoa majini kabla ya barafu. Magati ya watu wote hao, naye hakuwahi kuwa na boti ya kutembelea. Sasa bega lake la kulia lilikuwa limekataa kazi. Mbele yake zilielea boti mbili, kila moja sitaha bapa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini: moja ya futi ishirini na nne, nyingine ya kumi na nane.

Alitaka kubwa. Tangu kiharusi kimpoozeshe Ardis upande wa kulia, miaka mitatu ilikuwa imepita bila yeye kwenda majini. Kwenye boti hii angemsukuma tu mpaka ndani.

Akamsukuma, akakifunga kiti breki katikati ya sitaha, wakazunguka ghuba pamoja na Bev. Wakati wa kurudi, upepo uliipiga boti ubavuni, ikaanza kwenda upande. Orrin akaruka gatini na kamba, akavuta. Bega likamsaliti. Bev ndiye aliyeiwahi.

"Upepo tu huo," Orrin akasema, akihema.

"Na siku Bev hayupo?"

"Nitazoea."

Walipomfikisha gatini, Ardis akamgeukia mumewe. "Unajua nilivyojiona pale katikati? Kama friji inayohamishwa. Nataka ile ndogo."

"Kiti hakipiti, mke wangu. Nimepima."

"Kwani nimeuliza habari za kiti?"

"Sasa nikubebe kwa bega lipi?"

"Nani kasema unibebe? Nishushe hapa chini."

Orrin akageuka. Kwenye gati la pili, familia moja iliyokuwa ikitia mafuta ilikuwa ikiwatazama. "Mbele za watu, Ardis?"

"Kukaa chini ni ajabu gani? Nishushe."

Orrin na Bev wakamshusha. Ardis akaigeuzia boti ndogo mgongo, akajisukuma kinyumenyume kwa mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, ubao baada ya ubao. Alipofika ukingoni mwa gati, palibaki ufa wa shubiri moja, na maji ya kijani chini yake. Akasimama hapo. Orrin akanyoosha mkono.

"Usinishike mimi," akasema. "Shika boti."

Orrin akapiga magoti, akaushika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Bega lilimwaka moto. Aliwahi kushikilia vyuma vizito katika maji ya baridi kuliko haya, lakini hakuwahi kuogopa namna hii kwamba kitu kitasogea hata unene wa kidole. Alimsikia mkewe akihema. Kiatu kikadumbukia majini.

"Kiatu chako..."

"Kiache!"

Kisha uzito ukatua kwenye sitaha, boti ikainama kidogo, ikatulia. Orrin alipoinua uso, Ardis alikuwa ameshajivuta mpaka kwenye kiti cha usukani, jasho likimtiririka, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Hicho ni cha dereva," Orrin akasema polepole.

"Najua. Ufunguo uko wapi?"

Bev akaurusha. Ardis akaudaka kwa mkono wa kushoto.

Orrin akakaa kwenye benchi la abiria, asijue mikono yake aiweke wapi. Wakatoka ghubani taratibu, na nyuma yao povu likaandika mstari uliopinda kushoto, ukapinda kulia, kisha ukaelekea kwenye maji mapana.